Siwezi tena kumaliza riwaya: je, ninunue Kindle?

*Swali: Nina miaka 42, ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Nilipokuwa chuoni, riwaya ya kurasa 200 haikumaliza siku mbili mkononi mwangu. Sasa nikisoma kurasa tatu, mkono unakwenda wenyewe kwenye simu. Jioni macho yanachoka na kichwa kinagonga. Programu moja ya kupima usomaji imenionyesha kwamba nasoma maneno 140 kwa dakika, ikasema mtu wa kawaida husoma 250. Nimesikia pia kuwa binadamu wa siku hizi anaweza kutuliza akili kwa sekunde 8 tu, chini ya samaki. Kwenye simu nina PDF za vitabu zaidi ya 300 nilizopata kwenye magrupu. Nimefungua labda kumi na sijamaliza hata moja. Kuna mtu anauza Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, iliyotumika, kwa laki mbili na nusu. Mume wangu anasema ni kutupa pesa. Je, ubongo wangu umeshaharibika? Ninunue?*

Mwalimu, umefunga mambo manne kwa kamba moja: macho, kasi, umakini na kifaa. Inabidi tuyafungue, kwa sababu dawa ya moja haitibu jingine. Jibu la haraka ni hili: ubongo wako haujaharibika, Kindle usiinunue mwezi huu, na kabla ya yote kapime macho.

Naanza na macho kwa sababu ndiyo yanayosahaulika. Kuanzia miaka arobaini na kidogo, lenzi iliyo ndani ya jicho hupoteza ulaini wake na kushindwa kujibinua vizuri mtu anapotazama kitu cha karibu. Haliumi, halileti wekundu, wala haliji kwa siku moja. Misuli ya jicho inakaza zaidi kwa kila mstari, na baada ya dakika kumi paji la uso limebana na herufi zimeanza kucheza. Msomaji anaweka kitabu chini akidhani hadithi imemchosha. Akichukua simu, anatanua maandishi kwa vidole viwili na anaona vizuri, basi anahitimisha kuwa simu imemteka. Riwaya zetu nyingi zimechapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya rangi ya chai, na kitabu hakitanuki. Wasomaji wengi wa rika lako walioniuliza kuhusu umakini walipaswa kwanza kuuliza kuhusu miwani.

Jipime hivi. Shika riwaya sentimita 40 kutoka usoni, takriban urefu wa kutoka kiwiko hadi vifundo vya vidole. Soma ukurasa mmoja usiku chini ya taa unayoitumia siku zote. Kesho yake saa nne asubuhi soma ukurasa mwingine barazani, kwa umbali uleule. Ukiona asubuhi unasoma bila shida na usiku mkono unajinyoosha kukipeleka kitabu mbali, umepata jibu la nusu ya swali lako. Miwani ya kuanzia kwa umri huo mara nyingi ni +1.00 au +1.25, lakini usiokote ya mezani pale stendi kabla ya kupimwa. Macho mawili hayalingani kila mara, na ukungu unaokuja leo na kuondoka kesho unaweza kuwa dalili ya sukari, jambo ambalo miwani ya stendi italificha tu.

Uchovu unaoletwa na kioo cha simu una sababu nyingine. Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho linakauka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa kwa mbwembwe iache dukani. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani hakiipendekezi, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba mwanga huo wa skrini unaharibu jicho.

Sasa zile 140 kwa dakika. Hapa umedhulumiwa na kipimo. Takwimu za maneno 200 hadi 300 kwa dakika zimetokana na wasomaji wa Kiingereza, na neno la Kiingereza si neno la Kiswahili. Tazama neno moja: *hawakukumbushana*. Lina herufi 16, na ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati uliopita, kitendo, anayefanya mwingine afanye, na kutendeana. Mwingereza angehitaji maneno sita kusema hivyo. Programu yako imelihesabu moja.

Jicho nalo halitelezi juu ya mstari kama watu wanavyodhani. Linaruka na kutua, linaruka na kutua, na kila kituo huchukua karibu robo sekunde. Katika kila kituo linaona kwa uwazi herufi chache tu, saba au nane hivi. Neno fupi linanaswa kwa mtuo mmoja, *hawakukumbushana* linahitaji miwili. Kwa hiyo maneno 140 ya Kiswahili kwa dakika si uzembe hata kidogo. Futa hiyo programu. Ukitaka kipimo cha kweli, hesabu kurasa ulizosoma kwa nusu saa katika kitabu kilekile, uzilinganishe na kurasa zako mwenyewe za wiki iliyopita.

Habari ya sekunde 8 ilienea sana mwaka 2015 kupitia ripoti ya masoko ya Microsoft tawi la Kanada, nayo ilikuwa imeichukua kwenye tovuti ya takwimu. Waliofuatilia chanzo chake hawakukuta jaribio lolote nyuma yake. Samaki mwenyewe amesingiziwa. Na wewe unaposahihisha madaftari ya darasa zima kwa mkao mmoja, unatumia umakini gani kama si huohuo?

Kilichobadilika ni kwamba umakini wako umepata mpinzani anayejua kuita. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho: ukifika chini, mengine yanajipakia. Zamani mwisho wa ukurasa ulikupa nafasi ya kujiuliza kama unaendelea au unaondoka, na nafasi hiyo ndiyo iliyofutwa. Ongeza juu yake jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa kitambo sana: zawadi inayokuja bila mpangilio humfanya mnyama arudie kitendo kwa bidii kuliko zawadi inayokuja kila mara. Ukifungua grupu mara tisa unakuta salamu na matangazo, mara ya kumi unakuta habari ya ndugu yako kujifungua. Hiyo ya kumi ndiyo inayokurudisha mara mia.

Kwenye riwaya, hasara kubwa si dakika mbili ulizotazama simu. Msomaji wa riwaya anabeba kichwani mambo mengi kwa pamoja: nani mtoto wa nani, nani ameficha barua, mvua ilikuwa inanyesha au la, maneno ya ukurasa wa nyuma yalisemwa kwa kejeli au kwa huzuni. Mzigo huo haujaandikwa popote, umeujenga mwenyewe. Ukiondoka kwenda kusoma ujumbe wa mkuu wa shule kisha ukarudi, sehemu ya akili inabaki kule kule kwa mkuu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu jambo hili na kuliita mabaki ya umakini: kazi uliyoiacha haijaisha inaendelea kukuvuta hata unapofanya nyingine. Ndiyo maana unarudia aya ileile mara tatu. Unajenga upya ulichokiangusha.

Kutokana na hapo utaona kwa nini mwanzo wa riwaya ndio unaokushinda. Kurasa 30 za kwanza zina majina mengi na bado hazina fumbo la kukuvuta. Zisome kwa mikao miwili, usizikate vipande kumi. Kata karatasi ya upana wa vidole vitatu, andika kila jina jipya na uhusiano wake: "Mwanaidi, shangazi wa Hamisi, ndiye mwenye nyumba." Karatasi hiyohiyo iwe alamisho lako. Ukikatizwa kwa siku mbili, sekunde 20 za kuitazama zinakurudisha ndani.

Jaribio ninalokupa ni la siku 14, na halina gharama isipokuwa saa ya mezani. Chagua riwaya nyembamba ya karatasi, kurasa 120 hadi 150, ikiwezekana uliyoipenda zamani, kwa kuwa kurudia kitabu kunakupunguzia ule mzigo wa mwanzo. Soma dakika 15 kila siku, saa ileile. Saa nne usiku baada ya kazi zote siyo wakati wa jaribio, ni wakati wa kulala na kitabu usoni. Dakika 15 kabla ya kuandaa chakula cha jioni, au alfajiri kabla watoto hawajaamka, ndizo zinazofaa. Simu iwe chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, maana bado unajua ipo na sehemu ya nguvu zako inatumika kujizuia kuigusa. Kila unapopata hamu ya kuinuka kuifuata, weka alama ya kijiti kwenye ile karatasi, kisha endelea kusoma. Siku ya kwanza usishangae kupata vijiti saba au zaidi. Usijilaumu, ndicho kipimo chenyewe. Wiki ya pili peleka dakika ziwe 20, na zaidi ya hapo panda kwa dakika tano kila wiki ikiwa vijiti vinapungua.

Najua litakaloharibu mpango huu. Simu ya mwalimu ni saa ya kuamkia, tochi umeme ukikatika, benki, na njia ya mtoto aliye bweni kumpata mama. Kwa hiyo kila kazi itafutie mahali pengine. Saa ya kuamkia nunua ya betri. Tochi weka taa ya sola karibu na kiti. Kwa simu za dharura, ndani ya Mipangilio tafuta "Usinisumbue" (Do Not Disturb), uruhusu watu uliowawekea nyota na uruhusu wanaopiga mara mbili: kwenye Android, mtu akirudia kupiga ndani ya dakika 15 simu italia, na kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Acha mlio juu kabisa na uiweke sebuleni. Magrupu ya WhatsApp yazimie sauti kwa chaguo la "daima", kisha uyapeleke kwenye kumbukumbu (Archive). Hatua hii ya pili wengi huiruka, halafu wanalalamika, maana grupu lililozimwa sauti bado linakaa juu ya orodha na namba yake likikukonyeza.

Siku ya nne au ya tano utaikosa. Mitihani, mgeni, msiba. Usilipe deni kwa kusoma dakika 30 kesho yake, rudi kwenye 15 zako.

Je, karatasi ni lazima? Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi kidogo kuliko wa skrini, hasa maandishi ya maarifa na hasa pale muda ulipokuwa umebana. Kwa hadithi hawakuona tofauti. Maana yake kwako ni kwamba kitabu cha kiada au sera ya elimu utakisoma vizuri zaidi kikiwa kimechapwa, ila riwaya kwenye skrini ni riwaya kamili na hakuna haja ya kuiona aibu. UNESCO nayo mwaka 2014 ilitoa ripoti kuhusu watu wanaosoma kwa simu katika nchi saba, Uganda ikiwemo, na wengi walisema wanasoma zaidi tangu waanze kusomea simu. Karatasi naitaka kwa zile siku 14 tu, kwa kuwa kitabu cha karatasi hakina mlango wa kutokea.

Tukija kwenye zile PDF 300: hiyo bado si maktaba, ni stoo. Na PDF si kitabu cha simu kwa umbile lake. PDF ni ukurasa uliogandishwa. A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha simu kina kama sentimita 7. Ukurasa unabanwa hadi theluthi moja, na herufi ya ukubwa wa 12 inakuwa ya 4, ndogo kuliko maelezo ya kwenye boksi la dawa. Unatanua, unasogeza kushoto, unasogeza kulia, unarudi mwanzo wa mstari. Hakuna riwaya inayovumilia hilo, na hata kijana wa miaka 20 angekuwa hajamaliza hata moja.

Ukiilaza simu, upana unafika kama sentimita 15 na ile herufi inapanda hadi 8 na kitu, ambayo inasomeka. Bora zaidi ni kujua kwanza faili lako ni la aina gani. Bonyeza neno moja na ushikilie kidole. Likijichagua, ndani mna maandishi, na zipo programu za kusomea zinazoweza kuyapanga upya yaenee kwenye kioo kwa ukubwa unaoutaka. Lisipojichagua, hiyo ni picha ya ukurasa uliopigwa skani, na kinachosaidia ni kukata kingo nyeupe. Programu ya KOReader inafanya hivyo vizuri, ingawa sura yake haivutii. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya Calibre hugeuza PDF ya maandishi kuwa EPUB, faili ambalo maneno yake hutiririka kufuata kioo. Tarajia kasoro: mistari inayokatika katikati ya sentensi, namba za kurasa zilizoingia ndani ya mazungumzo, jina la sura linalojirudia. Riwaya husomeka hivyohivyo. Vitabu vyenye majedwali usihangaike navyo.

Chagua faili tano, ziweke kwenye folda uliyoiita "Sasa". Nyingine hamishia kwenye memori kadi uiweke kabatini. Na kwa upole, nyingi ya hizo za magrupu zimewekwa bila ruhusa ya waandishi. Soko la riwaya ya Kiswahili ni dogo, na nakala kumi zisizonunuliwa mwandishi anaziona. Ukipenda kitabu ulichokipata hivyo, kinunue. Na kadi ya maktaba ya mkoa haigharimu kama Kindle.

Kindle sasa. Uzuri wake ni wa kweli. Kioo chake kina vijifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji ya umeme. Umeme ukipita zinapanda au kushuka, na zikishatulia zinabaki pale bila kula chaji. Kwa hiyo betri inakaa wiki kadhaa, jua la barazani haliizimi, na unaongeza herufi utakavyo. Halafu haina WhatsApp. Ikiwa shida yako ni herufi ndogo na kutorokea kwenye magrupu, itakusaidia. Haitatibu stoo ya PDF: kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi, na ile herufi ya 12 itakuwa ya 5. Usitegemee pia kukuta riwaya nyingi za Kiswahili dukani kwake, wala kamusi ya Kiswahili ya kugusa neno. Unachonunua humo kisheria ni ruhusa ya kusoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwenye vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell zilizouzwa bila haki, ikarudisha pesa.

Ipo njia ya kati: simu ya zamani iliyolala kwenye droo. Kwanza itazame mgongoni. Ikiwa imevimba usiichaji, betri yake ni hatari. Ikiwa salama, ifute yote, usiweke laini, weka programu moja ya kusomea na zile faili tano, kisha iwashie hali ya ndege. Kwa wengi hiyo inatosha.

Ukiamua kununua hiyo iliyotumika, usilipe kabla muuzaji hajaitoa kwenye akaunti yake mbele yako na wewe ukaingiza ya kwako. Ikiwa ilipotea au kuibwa na mwenyewe akairipoti, itagoma hapo. Geuza kurasa ishirini ukitafuta mistari au madoa yasiyobadilika. Kioo cha ndani ni chembamba na hupasuka kwenye mkoba bila alama ya nje. Angalia tundu la chaji: Kindle ya kawaida ilianza USB-C mwaka 2022, toleo hilohilo lilipopata kioo chenye maandishi makali zaidi. Yenye tundu la zamani isikupate kwa bei hiyo.

Kuna mambo ambayo jibu langu haliwezi kuyamaliza. Ukiona vimulimuli vya ghafla, pazia upande mmoja wa jicho, au jicho jekundu lenye maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kichwa yakiendelea baada ya kupata miwani, onana na daktari na upime presha na sukari. Kwa umri wako, mabadiliko ya homoni kuelekea ukomo wa hedhi yanaweza kuleta ukungu wa akili na usingizi wa mang'amung'amu, mambo ambayo wanawake wengi huyabeba kimya wakidhani ni uvivu. Na ikiwa si kusoma tu kulikopoteza ladha bali pia chakula, maongezi na usingizi, kwa wiki mbili mfululizo, usihangaike na vijiti na dakika. Mweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi, na umtajie dawa zote unazotumia.

Muuzaji wa Kindle mwambie utampigia mwisho wa mwezi. Akishaiuza, zipo nyingine.